Kisamaki cha Mavyaa Wangu

Kwa ulimi, wanangu. Kwa ulimi. Unakichukua kigae, unakipangusa, unakigusisha ncha ya ulimi pale kilipovunjikia. Kikinata ulimi, ujue hicho ni chungu cha kwetu, udongo wa hapa hapa. Kikiteleza, kikawa baridi kama kipande cha barafu, hicho kimetoka Uchina. Msikunje nyuso. Najua mngeniuliza tu, kesho au keshokutwa, karai likishajaa vigae na nyie hamjui kipi ni kipi. Na wasomi hawatawaambia, wanaona haya kuramba mbele za watu. Mie sina shule ya kuonea haya. Nimeramba sana.

Haya, kaeni vizuri. Mnaanza kuosha vigae msimu huu, wote mna simu, wote mna vyeti, na kucha zenu hizo ndefu tutaziona wiki ijayo zimebaki ngapi. Mie darasani sikukaa hata siku moja. Lakini biashara yote ya Kilwa ya kale imepita kwenye karai langu. Shanga za Bara Hindi, ndogo kama mbegu za mchicha, ukipiga chafya umepoteza kumi. Vigae vya Uajemi vya bluu, rangi yake inabanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka kuugua surua, hivyo usivisugue, unavimwagia maji tu na kuviombea. Vioo. Pesa za shaba za masultani wetu. Na mabakuli ya Uchina, vipande vipande. Wanasema dhahabu ilikuwa inatoka Sofala inapita hapa, nguo na mabakuli yanashuka, dhahabu na pembe zinapanda, na wafalme wa hapa wanapelekeana zawadi na wajumbe na watu wa mbali. Huenda. Dhahabu mie sijaiona hata punje. Nimeona vyombo walivyovunja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pesa. Nililetewa pesa ya shaba, nyeusi, ina kutu ya kijani, nikasema maskini, hii imekaa chini miaka yote hii bila kuogeshwa. Nikachukua majivu na ndimu, nikaisugua. Ikang'aa kama kishikizo cha askari. Nikampelekea Mzee Likumbo, natabasamu mpaka gego la mwisho.

Mzee Likumbo ndiye aliyenifundisha kazi. Mmatumbi wa Miteja, mchimbaji, mrefu, na akiongea anavuta maneno kama mtu anayevuta ndoo kisimani, hana haraka, anajua maji yatafika. Akaigeuza ile pesa huku na huku.

"Bi Somoeee. Hapa palikuwa na jina la sultani."

"Liko wapi?"

"Umelinywa na ndimuuu."

Hakunisema kwa mtu. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kusema kwamba pesa ile imeharibika katika kuoshwa, na akaongeza kwamba mwoshaji hakufundishwa, na wa kumfundisha alikuwa yeye. Kosa likabaki kwake. Liwekeni akilini hilo, maana ndilo lililokuja kunichoma baadaye.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya karatasi. Kila mfuko wa vigae unatoka shimoni na karatasi yake: shimo gani, kina gani. Ukishaosha, unavianika kwenye sinia, na karatasi yake unaibana kwa jiwe hapo hapo. Mie kusoma sijui, lakini nilikuwa nazijua zile karatasi kwa sura, kama unavyowajua mapacha wa jirani. Mzee Likumbo akisema, "Kigae bila karatasi ni mtoto aliyeokotwa sokoniii. Na kigae chenye karatasi ya mwenzake ni mtoto wa uongo, huyo ni mbaya zaidiii." Kwa sababu kilichotoka chini ni cha kale kuliko kilichotoka juu. Ukichanganya, umewadanganya watu wote watakaokuja kusoma.

Sasa Bakari mnamjua? Hamkumkuta. Huyo alikuwa mlinzi wa ghala. Mfupi, sauti inatokea puani, funguo zimening'inia kiunoni, ukisikia chaka-chaka-chaka ujue anakuja. Kila asubuhi alikuwa anatupanga mstari wanawake wa karai na kutusomea hotuba ile ile: "Kigae kimoja, akina mama. Kimoja tu, kwenye pindo la khanga. Mali ya serikali. Boti, basi, Lindi. Jela." Halafu ananitazama mie. Sijui kwa nini mie. Labda kwa sababu nilikuwa namwigiza akigeuka.

Nilikuwa namwigiza, ndiyo, lakini nilikuwa namwogopa. Mume wangu alikuwa baharini wiki tatu tatu, nyumbani nimebaki na watoto na mavyaa wangu, mama yake mume, Bi Hadija, ambaye alikuwa hana jino hata moja na alikuwa anakula ukoko tu. Ukoko wa wali wa nazi, anauloweka kwenye chai ya rangi, anaunyonya. Sufuria nikiipeleka kuoshwa kabla ya kukwanguliwa, nyumba haikaliki. Na alikuwa na kigae chake cha kukwangulia.

Hapo msiguniane. Nyumba zote za kisiwani zilikuwa navyo. Bahari ikitoka, vigae vimelala pale ufukweni kama kokoto, bibi zetu walikuwa wanaokota cha ukubwa wa kiganja na kukwangulia ukoko, miaka hiyo hakuna Bakari wala funguo. Kijiko kinapinda, kigae cha Uchina hakipindi, hakili sufuria. Cha mavyaa alikuwa kaachiwa na mama yake. Kijani, kijani ile ya maji ya pale kwenye mikoko, na katikati kuna samaki kachorwa kwa ndani, mkia umekatikia mahali bakuli lilipovunjikia. Upande mmoja umelika kwa kukwangua mpaka umekuwa kama mwezi mchanga. Mwenyewe akikiita Kisamaki. "Nipe Kisamaki changu." "Kisamaki changu kimeoshwa?" Mume wangu mwenyewe hajawahi kuulizwa hali kama kile kigae.

Siku yenyewe niliamka mgonjwa, nimechelewa, ukoko haujakwanguliwa. Mavyaa kakaa mlangoni: "Usirudi na sufuria hiyo na ukoko ndani yake, mkamwana." Basi nikaibeba sufuria, na Kisamaki ndani yake, mpaka kazini. Saa ya chai nikakaa nyuma ya banda nikakwangua, ukoko nikautia kwenye kibakuli. Dokta akapita.

Dokta ndiye aliyekuwa mkubwa wa uchimbaji. Msichana wa Dar es Salaam, mwembamba, anaongea kama anakimbizwa. "Shikamoo Bi Somoe, hicho nini, ukoko? Jamani jamani, naomba, kidogo tu, kidogo." Akachukua kipande kikubwa kuliko mkono wake. Hilo pia liwekeni akilini.

Maji ya kisiwani mnayajua. Kuchota ni mwendo, na ndoo kichwani. Nani ataleta ndoo nyingine kwa ajili ya sufuria moja? Nikaiosha sufuria na Kisamaki mle mle kwenye karai la serikali, pamoja na vigae vya shimo la tatu. Nimeinamia hapo, nikasikia tap, tap, tap. Mvua. Mvua ya mchana isiyopiga hodi. Masinia yote yako nje, karatasi zitalowa, wino utatoka! Nikakurupuka, nikavikumba vilivyokuwa karaini kwa mikono miwili nikavimwaga kwenye sinia lake, nikakimbiza masinia yote bandani. Sikuchanganya hata karatasi moja. Nikajisifu njia nzima kwenda nyumbani.

Nimefika, mavyaa kachukua ukoko, kauona umepungua, nikamwambia Dokta kaula, kachukua sufuria, kaingiza mkono.

"Kisamaki changu kiko wapi?"

Wanangu, nimewahi kupinduka na boti katikati ya maji. Nimewahi kuzaa mtoto katanguliza mguu. Lakini baridi iliyonishika pale, kuanzia kwenye nyayo ikapanda, sijawahi kuipata tena. Nikasema, "Nimekisahau kazini, mama." Nikacheka kidogo. Sauti ya kicheko ikatoka kama ya mbuzi.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Si wa kwanza. Dokta yuko bandani kapiga magoti mbele ya sinia la shimo la tatu, kina cha chini kabisa, chini ya sakafu ya chokaa, mahali ambapo kwa siku zote zile vilikuwa vinatoka vyungu vya kwetu peke yake. Ameshika Kisamaki kwa vidole viwili. Analia machozi.

"Bi Somoe! Jamani, jamani, jamani! Unajua hiki ni nini?"

Nilikuwa najua.

"Hiki cha Uchina, Bi Somoe! Chini ya sakafu! Maana yake walikuja mapema kuliko tulivyodhani sote, mapema sana! Hii inaweza kuwa zawadi, zawadi ya mjumbe kwa mfalme wa Kilwa! Tazama, tazama ukingo ulivyolika! Watu walikuwa wanakitumia! Labda walikuwa wanasagia dawa, labda uvumba, kwenye shughuli za kifalme!"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Na nyuma yangu, chaka-chaka-chaka. Bakari. "Kiingie ghalani, Dokta. Kufuli mbili. Kitu kama hiki mtu akikigusa, Lindi hapamtoshi." Mdomo ukajifunga wenyewe. Nikaona boti, nikaona basi, nikaona watoto wangu wamekaa mlangoni na mavyaa anawanyonyesha chai. Kumbe ukikaa kimya kwa kupumua pumzi tatu tu, ya nne umeshakuwa mwongo. Kabla ya hapo ulikuwa mtu aliyekosea.

Halafu Dokta akamwita Mzee Likumbo. Shimo la tatu lilikuwa lake, alilichimba kwa mwiko, alikuwa anajua kila kilichotoka mle kama unavyojua vilivyomo mfukoni mwako.

"Mzee, ulipitwaje na kitu kama hiki? Kimetoka kwenye mfuko wako, na wewe kwenye maelezo yako hukukitaja."

Akakitazama. Hakukigusa. "Sikupitwa, Dokta. Hakikuwemooo."

"Hakikuwemo, na kiko kwenye sinia?"

"Hakikuwemo."

Dokta hakuwa mbaya, msimfikirie hivyo. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha kama ile hataki kuguswa bega. Akasema labda macho ya mzee yamechoka. Akasema labda apumzike na shimo. Kesho yake Mzee Likumbo alikuwa anabeba udongo kwa karai na vijana, mtu aliyechimba tangu nywele zake nyeusi, na vijana wanamtania, "Mzee, usikanyage bakuli la mfalme hapo!" Saa ya chai hakuja kukaa na sisi. Alikaa upande wa pili wa kifusi, kageukia bahari.

Na mie naosha. Naosha vigae, naramba, napanga karatasi, na tumbo linaniuma.

Tumbo lina sababu yake, sikilizeni. Siku ya tatu mavyaa aliacha kuuliza. Akiacha kuuliza, jichimbie kaburi. Siku ya nne akaita majirani barazani, akasema kwa sauti yake ile isiyo na meno, taratibu, kila neno linapita kwanza kwenye fizi: "Kisamaki cha mama yangu kimeibiwa. Mimi simshuku mtu. Ijumaa ijayo, baada ya sala, namwita maalimu. Isomwe Halbadiri. Aliyekishika, tumbo livimbe kama ngoma. Mimi simshuku mtu." Na mie nipo hapo nachambua mchicha.

Nyie wa siku hizi mnacheka Halbadiri, mnaona mambo ya wazee. Ngojeni isomwe juu ya kitu mlicho nacho nyie. Mie nilikuwa najua fika kwamba aliyekishika ni mie. Sikuiba, lakini nani ataielezea Halbadiri jambo refu hivyo, la mvua na karai? Kila asubuhi nikawa najipima tumbo kwa khanga. Fundo lilipokuwa linafika jana, leo linafika? Siku moja halikufika. Nikakaa chini pale pale. Baadaye nikagundua nimevaa khanga ya binti yangu.

Nikajaribu ujanja. Bahari ilipotoka nikashuka ufukweni, moyo mkononi, natazama nyuma kama mwizi wa kuku, nikaokota kigae kingine cha kijani, ukubwa ule ule. Nikampa. "Kisamaki chako hiki, mama, kilikuwa chini ya banda." Akakichukua, hakukitazama, macho yalikuwa yameanza ukungu. Akapitisha kidole gumba mara moja.

"Hiki hakina samaki," akasema. Akakirusha uani. "Ijumaa haiko mbali."

Na Dokta naye ana habari zake. Wageni wanakuja! Wachina, wakubwa, na mkalimani wao, wanataka kukiona kigae kilichobadilisha historia. Alhamisi. Dokta mwenyewe atakwenda kuwapokea Nangurukuru. Kutakuwa na mahema, soda, wazee wa kisiwa watakaa mbele, wanawake watapiga vigelegele. "Na wewe, Bi Somoe, wewe ndiye utakayekishika! Wewe ndiye mikono iliyokiosha! Utasema maneno mawili, jinsi ulivyokiona kinatoka kwenye matope. Mawili tu."

Alhamisi uongo mbele ya wageni, Ijumaa Halbadiri. Nani kanipangia ratiba ile, sijui.

Jumatano Bakari akaenda kusali adhuhuri, akaniachia mlango wa ghala nimuingizie masinia. Kisamaki kipo juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, kama maiti ya mtoto. Zile kufuli mbili bado anasubiri kuletewa. Nikafikiri: kikipotea, hakuna uongo. Mavyaa atapata chake, wageni watakunywa soda watakwenda zao. Mkono wangu ukaenda. Nikakitia kwenye pindo la khanga, nikafunga fundo, na lile fundo likawa zito kama nimefunga jiwe la kusagia. Nikageuka.

Mzee Likumbo kasimama mlangoni na karai la udongo begani.

  Akatua karai chini, polepole.

"Kirudishe, Bi Somoeee."

"Sikuiba, mzee. Ni cha—"

"Najua ni cha ninii. Mama yangu kule Miteja alikuwa na cha kwake. Ukingo ule siyo wa uvumba." Kumbe alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, tangu alipokitazama bila kukigusa. "Kikipotea leo, watasema nani kakichukua? Watasema mzee aliyevuliwa shimooo."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Wiki nzima nalitazama tumbo langu, sikulifikiria hilo. Nikafungua fundo. Nikakirudisha juu ya kitambaa, kichwa cha samaki kikatazama mlangoni kama kilivyokuwa.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Nilisema. Nilisema hakikuwemo. Kilikotoka, wa kusema ni weweee." Akanyanyua karai lake akaenda. Ile pesa ya ndimu alinibebea. Hii hakunibebea. Mpaka leo nadhani ndiyo elimu ya mwisho aliyonipa.

Sasa kwa wale wenye roho nyepesi, nawaona mnatafuna kucha, nawaambia kabisa: Mzee Likumbo alirudi shimoni kwake jioni ile ile ya Alhamisi, na Dokta alimshika mkono mbele ya watu wote na kumwomba radhi kwa sauti. Mie nilitolewa kwenye karai nikachota maji mpaka shingo ikaingia ndani, kisha nikarudishwa. Lindi sikwenda. Maelezo ya shimo la tatu Dokta aliyaandika upya kwa mkono wake. Kisamaki mkienda ghalani mtakikuta, kina karatasi yake, na mjukuu wangu aliyesoma kanisomea: inasema kilikuwa cha nyumba gani na kilifanya kazi gani. Ni karatasi ya kweli kuliko zote mle ndani.

Lakini asubuhi ile ya Alhamisi mie sikuyajua hayo. Asubuhi ile nilikuwa maiti inayotembea. Nimevaa doti mpya, nimepakwa wanja, na ndani nimekauka. Wageni wamekaa chini ya hema, wanafuta jasho. Mkalimani, kijana wa Kichina, Kiswahili chake safi kuliko cha Bakari, kila sentensi anaimalizia kwa kuinamisha kichwa. Wazee mbele. Wanawake kwenye mikeka pembeni, na mbele ya wanawake wote, kwenye mkeka wake mwenyewe, mavyaa wangu. Nilimwomba abaki nyumbani, jua kali. Akaniambia hajawahi kumwona Mchina.

Dokta akahutubia. Akaeleza pepo za baharini na safari, mabakuli yaliyotoka nchi hadi nchi mpaka kufika hapa, mfalme wa Kilwa kakaa kwenye kasri lake anapokea wajumbe. Alisema vizuri, nami kwa woga wangu wote nikamwona yule mfalme. Nikaona kakaa na bakuli la kijani mkononi na samaki mzima anaogelea ndani yake. Halafu akasema, "Na sasa, mikono iliyokiosha."

Bakari akaleta sanduku la kioo, chaka-chaka-chaka. Likafunguliwa. Nikapewa.

 Namwona Mzee Likumbo nyuma kabisa, kasimama na wabeba udongo, mikono mgongoni, hanitazami. Dokta ananiashiria kwa kichwa, sema, sema. Mkalimani kainamisha kichwa tayari. Wageni wamenyoosha simu. Nikakinyanyua Kisamaki juu, kama nilivyofundishwa, jua likakipiga, kikawaka kijani, watu wakasema aaah.

Nikafungua mdomo. Hapo mtaniuliza, ulitaka kusema nini? Sijui. Nimejiuliza miaka yote hii, nikiosha, nikipika. Siku nyingine najiona nimesema kweli. Siku nyingine najiona nimesema, "Kilitoka kwenye matope." Sitajua, kwa sababu mkeka ulifanya kwaruu, na mkono mkavu ukanyooshwa, ukakichukua Kisamaki kutoka vidoleni mwangu bila haraka, na kidole gumba kikapita juu yake mara moja.

Dokta akaruka. "Bibi! Bibi, tafadhali, hicho hakishikwi, hicho kilikuwa cha wafalme!"

Mavyaa akamgeuzia uso, macho ya ukungu yakimtafuta pale sauti ilipotokea.

"Wafalme gani, mjukuu wangu? Nakwangulia ukoko mie hiki. Na huo ukoko umeula."